Karakana ni ya Nani? Makandarasi wa Mitambo na Utengenezaji Nje ya Eneo la Ujenzi Nchini Marekani, 1940–2010

1.0 Utangulizi

Mabomba ya maji na ya mvuke, njia za hewa, vipasha joto na viyoyozi ni viungo vya jengo ambavyo mpita njia havioni, lakini bila hivyo hospitali haiwezi kupokea mgonjwa. Kazi ya kuvifunga ni ya mkandarasi wa mitambo. Nchini Tanzania, Bodi ya Usajili wa Makandarasi humtambua mkandarasi huyu kama aina inayojitegemea, tofauti na mkandarasi wa majengo na yule wa umeme. Nchini Marekani, ambako makala haya yamejikita, waajiri wa fani hii walianzisha umoja wao mwaka 1889, mwaka uleule ambao mafundi bomba nao waliunda chama chao cha wafanyakazi cha kitaifa. Pande hizi mbili zimekuwa zikitazamana tangu wakati huo, na historia inayosimuliwa hapa haieleweki bila kuzitazama zote mbili.

Kwa muda mrefu kazi ya mitambo ilifanyika palepale jengo linapojengwa. Fundi alipima, akakata bomba, akachonga hesi kwenye ncha zake ili liungane na jingine, kisha akapanda ngazi kulifunga. Utengenezaji nje ya eneo la ujenzi ni utaratibu wa kuihamishia sehemu ya kazi hiyo karakanani au kiwandani, ili kinachofika kwenye jengo kiwe kipande kilichokwisha kuungwa. Mara nyingi utaratibu huu huelezwa kuwa ni fursa ya biashara kwa mkandarasi wa mitambo. Makala haya yanauliza: ni fursa kwa masharti gani? Hoja inayojengwa ni kwamba kuhama kwa kazi hakukumnufaisha mkandarasi kwa sababu tu kazi ilihama. Kulimnufaisha pale alipokuwa na mamlaka ya kuamua inahamia wapi, na pale alipokuwa amekwisha kuelewana na mafundi wake juu ya nani ataifanya huko iendako.

2.0 Kazi Ilivyoshuka Ngazini

Faida za karakana si za kubuni. Fundi anayechomelea bomba lililokwisha kuning'inizwa darini hulazimika kujipinda, au kufanya kazi huku mikono yake iko juu ya kichwa. Karakanani, bomba hulazwa juu ya magurudumu na kuzungushwa, naye akabaki amesimama mahali pamoja. Mvua haimsimamishi, hangoji fundi mwingine amalize zamu yake, na kiungo hukaguliwa kabla hakijafichwa ukutani.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliwaonyesha Wamarekani ukubwa wa faida hizo. Meli za mizigo za aina ya Liberty, ambazo zilijengwa zaidi ya 2,700 kati ya mwaka 1941 na 1945, ziliundwa kwa sehemu kubwa zilizotengenezwa kando, kisha zikanyanyuliwa kwa kreni na kuchomelewa pamoja. Mwezi Novemba 1942, huko Richmond, California, meli iliyoitwa Robert E. Peary ilishushwa majini siku 4 na saa 15 hivi baada ya mkuku wake kulazwa. Ni kweli kwamba kazi hiyo ilikusudiwa kuwa maonyesho, na kwamba sehemu nyingi zilikuwa zimeandaliwa mapema. Hata hivyo, hilo ndilo lililokuwa fundisho lenyewe: muda uliopungua pwani ulikuwa umetumika mahali pengine, chini ya paa, na watu wengine.

Ni muhimu kutambua mazingira yaliyowezesha mafanikio hayo. Mteja alikuwa mmoja, yaani serikali. Mchoro ulikuwa mmoja. Na oda hazikukatika. Masharti haya matatu hayapatikani kwa urahisi katika ujenzi wa majengo wakati wa amani, ambapo kila mteja huja na kiwanja chake, mchoro wake na fedha zake.

3.0 Kiwanda Kama Mshindani

Waliojaribu kwanza kuliingiza wazo hilo katika majengo hawakuwa makandarasi wa mitambo. Mwaka 1940, mbunifu Buckminster Fuller alipata hataza ya bafu lililotengenezwa kiwandani kwa vipande vichache vya metali, mabomba yakiwa yamo ndani yake. Bafu la namna hiyo lingeingizwa ndani ya nyumba na kuunganishwa tu. Kazi ya siku nyingi ya fundi bomba ingebaki kuwa ya saa chache. Halikuwahi kutengenezwa kwa wingi, lakini lilitangaza nia: kiwanda kingeweza kuuza kazi ya mkandarasi kama bidhaa.

Jaribio kubwa zaidi lilifanywa na kampuni ya Lustron ya Columbus, Ohio, chini ya Carl Strandlund. Wakati wanajeshi waliorudi kutoka vitani walipokuwa wakihangaika kupata makazi, Lustron iliahidi nyumba za chuma zilizopakwa enameli, zenye kila kitu kutoka kiwandani. Serikali ya Marekani iliikopesha zaidi ya dola milioni 30. Hadi kampuni hiyo ilipoanguka mwaka 1950, ilikuwa imetengeneza nyumba zipatazo 2,500 tu, idadi ndogo mno kwa kiwanda cha ukubwa ule.

Anguko la Lustron lina mafunzo mawili. Kwanza, mshindani wa mkandarasi wa mitambo si lazima awe mkandarasi mwenzake. Anaweza kuwa mwenye kiwanda asiyewahi kukanyaga eneo la ujenzi. Pili, karakana hula hata siku ambayo haikufanya kazi. Fundi aliyeko kwenye mradi huondoka mradi unapokwisha, lakini kodi ya jengo, riba ya mkopo na uchakavu wa mashine haviondoki. Anayejenga karakana hununua pamoja nayo wajibu wa kuilisha kazi kila mwezi.

4.0 Mahakamani: 1967 na 1977

Mapambano juu ya nani ana haki ya kazi iliyohama yalifika mahakamani. Sheria ya kazi ya mwaka 1947, iliyoongezewa makali mwaka 1959, ilikataza vyama vya wafanyakazi kumbana mwajiri mmoja ili kumlazimisha mwingine asiyehusika na mgogoro wao. Je, kukataa kufunga bidhaa iliyotengenezwa kiwandani kulikuwa ni kutetea kazi ya mtu mwenyewe, au kumgomea mwenye kiwanda?

Kesi ya kwanza ilihusu milango. Kampuni ya Frouge ilikuwa mkandarasi mkuu wa mradi wa nyumba huko Philadelphia uliohitaji milango 3,600, nayo ikanunua milango iliyokwisha kutayarishwa kiwandani kwa ajili ya vitasa na bawaba. Kanuni ya chama cha maseremala iliwakataza wanachama kuishika milango ya namna hiyo, nao wakakataa kuifunga. Frouge ikaiacha na kununua milango mitupu, ambayo ilitayarishwa na maseremala hao hao. Watengenezaji wa bidhaa za mbao walilalamika, lakini mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba maseremala walikuwa wakilinda kazi waliyoizoea kwa mwajiri wao, na kwamba jambo hilo halikukatazwa na sheria.

Kesi ya pili ilimgusa mkandarasi wa mitambo moja kwa moja. Huko New York, kampuni ya Austin, mkandarasi mkuu wa mradi wa makazi ya wazee, iliipa kampuni ya Hudik-Ross kazi ya kupasha joto na kupooza hewa. Hudik-Ross ilikuwa na mkataba wa hali bora na mafundi wa mabomba ya mvuke, uliosema kwamba mabomba fulani ya kuunganishia vipasha joto yangekatwa na kuchongwa hesi kwa mkono palepale kwenye mradi. Lakini Austin ilikuwa imekwisha kuamua kununua vifaa vya kampuni ya Slant/Fin, ambavyo mabomba yake ya ndani yalikuwa yamekatwa, yamechongwa na kufungwa kiwandani. Hudik-Ross iliupokea mradi pamoja na sharti hilo. Vifaa vilipofika, mafundi walikataa kuvifunga.

Mwaka 1977 Mahakama ya Juu, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliamua dhidi ya mafundi. Sababu yake ndiyo kiini cha makala haya. Mahakama haikusema kwamba kazi ile haikuwa ya mafundi kwa desturi. Ilikubaliana na Bodi ya Taifa ya Uhusiano wa Kazi kwamba Hudik-Ross haikuwa na uwezo wa kuwapa kazi hiyo, kwa kuwa uamuzi ulikuwa wa Austin. Hivyo, kuibana Hudik-Ross kulikuwa ni kumlenga mtu mwingine.

Hukumu hii kwa kawaida husomwa kama kushindwa kwa chama cha wafanyakazi. Inafaa pia kusomwa kama picha ya udhaifu wa mkandarasi. Hudik-Ross ilikuwa imetia saini mikataba miwili isiyopatana: mmoja uliwaahidi mafundi kazi, mwingine ulikubali kwamba kazi hiyo haipo. Faida ya kukata na kuchonga ilikwenda kwa mwenye kiwanda, na uamuzi ukabaki kwa mkandarasi mkuu. Aidha, si haki kuidhihaki kanuni ya kuchonga hesi kwa mkono kama ushamba wa watu wanaoogopa mashine. Fundi wa ujenzi hulipwa kwa saa, na mradi ukiisha hana ajira mpaka upatikane mwingine. Kila saa inayohamia kiwandani bila yeye ni chakula kilichotoka mezani kwake.

5.0 Karakana ya Mkandarasi Mwenyewe

Njia ya kutoka katika mkwamo huo ilikuwa mkandarasi kumiliki karakana na kuwaajiri humo mafundi wa chama kilekile. Pale ilipofuatwa, saa za kazi zilihama lakini hazikupotea. Kilichobadilika ni mahali zilipofanyika.

Kompyuta iliipa njia hiyo nguvu mpya. Ili bomba likatwe mbali na jengo, ni lazima vipimo vijulikane kabla ya ukuta kusimama. Michoro ya kompyuta ya pande tatu iliwezesha makandarasi wa fani mbalimbali kugundua mapema mahali ambapo bomba lingegongana na boriti au njia ya hewa. Mfano unaofahamika sana ni jengo jipya la Hospitali ya Miami Valley huko Dayton, Ohio, lililokamilika mwaka 2010. Mabafu ya vyumba vya wagonjwa, pamoja na fremu za korido zilizobeba mabomba, njia za hewa na nyaya, viliundwa ghalani na kupelekwa kwenye jengo vikiwa tayari kufungwa. Hospitali ilifaa kwa utaratibu huu kwa sababu vyumba vyake hufanana. Ule mchoro mmoja wa meli za Liberty ulikuwa umerudi kwa umbo jingine.

Hata hivyo, usahihi huo una gharama. Uamuzi hufanywa mapema na kubadilishwa kwa shida. Kosa la fundi mmoja ngazini huharibu kiungo kimoja, ilhali kosa la mchoro karakanani hurudiwa katika kila kipande kabla halijaonekana.

6.0 Hitimisho

Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Historia hii inaonyesha kwamba kisu chenyewe hakikuwa mashine. Lustron ilikuwa na mashine nyingi ikaanguka. Hudik-Ross ilikuwa na mafundi stadi ikabanwa katikati. Kilichoamua ni nani aliandika sharti la ununuzi, na kama aliyetarajia faida alikuwa na kazi ya kutosha kuilisha karakana yake. Kwa hiyo, mkandarasi wa mitambo anayeitafuta fursa hii anapaswa kuingia mezani wakati mchoro ungali unachorwa, kabla mkandarasi mkuu hajachagua vifaa, na kufika hapo akiwa amekwisha kuzungumza na mafundi wake. Akichelewa, atakuta kazi imekwisha kuhama, naye atabaki kupokea makasha yaliyofungwa na watu wengine.