Baada ya Mnyororo: Imani na Ujirani wa Walioachwa Huru Pwani

Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Masimulizi mengi huishia hapo. Lakini kwa aliyetekwa utotoni huko Nyasa au Manyema, shida nyingine ndiyo kwanza ilianza. Hakuwa na baba wa kumposea mke, mjomba wa kumsimamia wala ndugu wa kumzika. Pwani, ambako mgeni huulizwa kwanza ni mtu wa nani, huyo hakuwa na jibu. Walioachwa huru walilitafuta jibu hilo kanisani, msikitini na kwa majirani.

Bagamoyo, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 wakaanzisha kijiji cha waliokombolewa. Watoto walifundishwa dini, kusoma, kilimo na kazi za mikono. Walipokua walioana, wakapewa nyumba na mahali pa kulima. Ndoa ilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa watoto wao walikua wakiwajua baba na mama, wakapata wasimamizi wa ubatizo waliochukua nafasi ya shangazi na ami. Mwaka 1877, familia kutoka kijiji hicho zilikwenda kusaidia kuanzisha misheni ya Mhonda, katika milima ya Nguru. Waliokuja pwani wakiwa wamefungwa shingoni walirudi bara kwa miguu yao, wakiwa wajenzi.

Upande wa Mombasa, Mchungaji William Salter Price wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, alianzisha Frere Town, Kisauni, mwaka 1875. Watumwa waliookolewa majahazini na manowari za Waingereza walipokewa huko pamoja na Waafrika waliolelewa India, karibu na Nasik, ambao nao walikuwa wametoka utumwani. Kengele ya kijiji ipo mpaka leo katika mnara wake mdogo kwenye makutano ya barabara, na mahali hapo huitwa Kengeleni. Ikilia kwa dharura, kila mtu alijua kwamba hatari iliyomfikia mmoja imewafikia wote.

Maisha hayo hayakuwa mepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, viboko vilivyochapwa Frere Town vilizidi hadi uchunguzi ukafanywa. Wakazi walikuwa huru, lakini chini ya amri za watu wengine. Ndiyo maana viongozi waliotoka miongoni mwa walioachwa huru walikuwa na thamani ya pekee.

Mmoja wao ni William Jones, mtoto wa utumwani aliyesomeshwa India na kurudi Afrika, katika misheni ya Rabai karibu na Mombasa, mwaka 1864. Askofu James Hannington alimpa ushemasi mwaka 1885. Hannington alipouawa Busoga mwaka huohuo, Jones ndiye aliyewaongoza wapagazi walionusurika mpaka Rabai. Alijua uchungu wa kukosa kwao, na chini ya uangalizi wake Rabai ikawa kimbilio la watoro wengi waliokimbia mashamba ya pwani. Mabwana zao walipokuja juu kuwadai, George Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, aliwalipa fidia. Siku ya Mwaka Mpya 1889, hati za uhuru zilitolewa Rabai. Walioachwa huru kwa mpango huo walizidi 1,400. Fedha zilikwenda kwa mabwana, wala si kwa waliofanyishwa kazi bure miaka yote. Kilichowabakiza watoro hai kabla ya hati hizo ni majirani waliogawana nao chakula na ardhi.

Lakini wengi zaidi walilipata jibu la kuwa mtu wa nani katika Uislamu. Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ramiya, alitoka Manyema akawa mtumwa katika nyumba ya Waarabu Bagamoyo. Alisoma, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na baadaye liwali wa mji. Katika halaka ya zikri watu husimama bega kwa bega, wakivuta pumzi pamoja wakilitaja jina la Mungu, na hakuna nafasi iliyowekewa mwenye nasaba. Wana wa waungwana walimbusu mkono mtu aliyewahi kumilikiwa. Maulidi yake yalivuta watu kutoka mbali, na tangu kifo chake mwaka 1931 kaburi lake limezuriwa na wengi.

James Mbotela, mwana wa Frere Town, aliyaandika ya wazee wake katika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Alivunja ukimya ambao familia nyingi bado zinautunza kwa aibu. Lakini aibu hiyo si yao, ni ya waliouza watu. Waliofika bila ukoo wakaanzisha ukoo ni wazee wa kutajwa kwa fahari, na makaburi yao Kisauni, Rabai na Bagamoyo yanastahili kusafishwa, kuandikwa majina na kuoneshwa watoto wa shule kama tunavyowaonesha ngome za masultani.