Sykes: Jina Lililokataa Kuondoka

Mtajie kijana wa Dar es Salaam jina la Sykes. Upesi atakujibu "Dully!", na huenda akakuimbia kidogo. Mtajie mzee wa Gerezani jina hilohilo, atavuta kiti akae, maana kwake Sykes ni Abdulwahid, ni Ally, ni TANU, ni mazungumzo ya jioni nzima. Kisha nenda Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, umtajie mtu yeyote njiani. Huyo hatashangaa hata kidogo. Atakuuliza, Sykes yupi? Kule akina Sykes wamejaa kama akina Massawe kule Moshi.

Jina moja, herufi tano tu. Huko ni jina la kawaida kama maji, huku kwetu ni nadra kiasi kwamba ukikutana nalo unajua mara moja umekutana na ukoo gani. Nimelifuatilia kwa sababu natamani kuwa mwandishi wa riwaya, na naamini mwandishi asiyejali majina ni sawa na fundi cherehani asiyejali uzi. Mhusika huanza na jina. Basi tuone hili lilitoka wapi, wangapi wanalo, na kwa nini bado lipo.

Tuanze na Uingereza. Neno lenyewe ni la kale, maana yake ni kijito, au mfereji mdogo wa maji katika ardhi ya majimaji. Zamani Waingereza nao walikuwa na jina moja moja tu. Polepole, katika Zama za Kati, serikali na mabwana wa ardhi wakataka kujua nani analipa nini, watu wakaanza kuitwa kwa kazi zao, kwa baba zao au kwa mahali walipokaa. John wa kijitoni akawa John Sykes. Mwanawe akazaliwa, akarithi kibanda, akarithi na jina. Hata alipohama pale kijitoni, jina hakulirudisha.

Mwaka 2000 mtaalamu wa vinasaba wa Oxford, Bryan Sykes, pamoja na mwenzake Catherine Irven, walichapisha utafiti kuhusu jina hilo. Walichukua wanaume 48 wenye jina la Sykes, watu wasiojuana, wakapima kromosomu Y, ile ambayo baba humpa mwana wa kiume peke yake. Kumbe 21 kati ya hao 48, karibu asilimia 44, walikuwa na alama zilezile! Hao waliobaki, damu yao iliingia jinani kwa njia nyingine: mtoto wa nje ya ndoa hapa, mtoto wa kulelewa pale, kidogo kidogo kwa miaka kama mia saba. Wataalamu wale wakaamua kwamba yaelekea jina zima lilianzia kwa mtu mmoja. Mtu mmoja, jamani, na leo ni maelfu kwa maelfu.

Sasa tuache baridi ya Yorkshire turudi pwani yetu, maana Sykes wa Dar es Salaam hawakutoka katika kijito kile. Babu yao alitoka Msumbiji.

Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka dhidi ya Wajerumani. Abushiri bin Salim ndiye aliyesikika zaidi. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann kuja kuwazima. Wissmann hakuja na jeshi la Wazungu watupu. Aliajiri Wasudani wapatao 600 kutoka Misri, na kundi dogo zaidi kutoka kusini mwa Msumbiji, ambalo Wajerumani waliliita la Wazulu. Wengi wao walikuwa Washangani. Mwaka 1889 wakaingia vitani, na Desemba ya mwaka huohuo Abushiri akanyongwa Pangani.

Katika askari hao wa Msumbiji alikuwamo mtu aliyeitwa Sykes Mbuwane. Hapo Pangani, mwaka 1894, akapata mtoto wa kiume. Akamwita Kleist. Hilo nalo ni jina la ukoo wa Kijerumani, ndilo alilokuwa nalo Heinrich von Kleist, mwandishi mkubwa wa tamthilia na hadithi aliyefariki 1811. Tazama basi mtoto huyu: kazaliwa Pangani, baba wa Msumbiji, jina lake la Kijerumani, la baba yake la Kiingereza, na yeye mwenyewe Mwislamu wa pwani!

Baba hakuishi kumwona akikua. Alikufa maji akirudi kutoka vita vya Wahehe. Kleist akalelewa na askari mwenzake baba yake, Affande Plantan, na kwa muda akaitwa kwa jina la mlezi wake: Kleist Plantan. Baadaye akarudi kwa baba yake mzazi, akajiita Kleist Sykes.

Hapa nakuomba, msomaji, usipite haraka. Mtu yule alikuwa na majina mawili, Sykes na Mbuwane. Kwa desturi ya Wazulu, la pili ndilo la ukoo. Sykes lilikuwa jina lake mwenyewe, kama vile mimi na wewe tulivyo akina Juma au Asha. Lakini Kleist alikuwa mtoto wa pwani, na kwetu mtoto hufuatisha jina la baba, ndilo hilo analoitwa mtaani. Basi Mbuwane likaachwa na Sykes likabaki. Jina la ukoo likazikwa, na jina la mtu likawa ukoo.

Na hata hapo lilikuwa halijapona. Sisi wengi majina yetu hutembea. Jina lako ni la kwanza, la baba la pili, la babu la tatu. Mtoto wako atasukuma foleni mbele, na babu yako ataangukia nje. Ukihesabu, jina la mtu huishi kwa yeye mwenyewe, kwa mwanawe na kwa mjukuu wake, halafu basi. Kitukuu hana habari. Wachaga wana Massawe na Mushi zao zinazokaa, Mombasa wana Mazrui walioitawala mpaka 1837 na jina lao lipo hadi leo. Lakini kwa wengi wetu fomu ikiandikwa "jina la ukoo", tunajaza la babu tu, kwa kuwa nafasi haitakiwi kubaki wazi.

Kwa mwendo huo mambo yangekuwa hivi. Sykes anamzaa Kleist Sykes. Kleist anamzaa Abdulwahid Kleist Sykes, mwaka 1924. Abdulwahid akipata mwana, akimpa jina la babu yake, mtoto ni Kleist Abdulwahid Kleist. Sykes kwisha! Lakini haikuwa hivyo. Mtoto huyo alikuja kuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000, na watu walimwita Kleist Sykes, kama babu yake. Foleni ilisimamishwa. Wenye jina walikataa kulisukuma nje.

Kuna hesabu inayoonyesha hilo ni jambo kubwa kiasi gani. Katika miaka ya 1870 Waingereza wawili, Francis Galton na Henry William Watson, walitaka kujua kwa nini koo maarufu hupotea. Njia yao unaweza kuijaribu hata kwa sarafu. Chukua wanaume 100, kila mmoja na jina lake la pekee. Kila mwanamume apate watoto wawili, na kila mtoto awe wa kiume au wa kike kwa bahati, nusu kwa nusu. Jina lipite kwa wanaume tu. Kizazi cha kwanza, baba 25 hivi watapata wasichana watupu, na majina 25 yamekwenda. Wakifika wajukuu, yaliyopotea ni 39. Wakifika vitukuu, ni 48. Hakuna vita wala tauni, watu hawajapungua, ila karibu nusu ya majina haipo. Yale yaliyobaki yanazidi kugawana watu.

Ndiyo maana nchi zenye majina ya kudumu zina majina machache yenye watu wengi mno, na mengi yenye watu wachache. Marekani, katika sensa ya 2010, walihesabu akina Smith 2,442,977. Majina yaliyokuwa na watu 100 au zaidi yalikuwa 162,253, wakati majina yote ni mamilioni. Maana yake mengi sana ni ya familia moja moja, na mengine yanangoja mzee mmoja afumbe macho.

Sasa utaniuliza, na Sykes wa Tanzania ni wangapi? Sensa ya 2022 ilituhesabu 61,741,120. Ilituuliza umri, elimu, kazi, hata nyumba imeezekwa kwa nini. Ukoo haikuuliza. Hata kabila halijaulizwa tangu sensa ya 1967. Nami naona kuna busara yake. Nchi iliyotaka watu wake waitane ndugu haikutaka kuwapanga kwa koo kwenye jedwali. Lakini matokeo yake ni kwamba jina nadra halina namba. Linahesabiwa kwa njia nyingine: kwa alama lilizoacha.

Alama hizo ni hizi. Kleist Sykes alipigana upande wa Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918, kisha akafanya kazi ya reli chini ya Waingereza. Mwaka 1929 ilipoundwa African Association, katibu wake wa kwanza alikuwa yeye. Mwaka 1933 alikuwamo katika kuanzisha Al Jamiatul Islamiyya. Alifariki 1949. Mwanawe Abdulwahid alikwenda Burma na jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Pili, akarudi, akawa mmoja wa viongozi wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 ilipozaliwa TANU, yeye na ndugu yake Ally walikuwamo katika wale waasisi 17. Abdulwahid alifariki 1968. Mtaa waliokuwa wakikaa Gerezani, zamani ukiitwa Kipata, leo ni Mtaa wa Kleist Sykes.

Mtu anaweza kusema, haya, lakini si jina la kujivunia sana: babu alikuja na bunduki ya mkoloni. Ni kweli, alikuja nayo. Alitua kupigana na Abushiri, na mji ule ule aliponyongwa Abushiri ndipo alipozaliwa Kleist. Miaka 65 baada ya Wissmann kutua, wajukuu wa askari wake walikaa chumba kimoja na Nyerere kuanzisha chama cha kumwondoa mkoloni. Mimi hapo sioni aibu ya kuficha. Naona riwaya. Jina halichagui linakoanzia, wenye nalo ndio wanaochagua linakoelekea.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike. Katika hesabu ya Galton na Watson msichana ni sifuri. Akizaliwa yeye, jina limefika mwisho. Sasa sikiliza. Habari za Kleist tunazijua kwa sababu kabla ya kufa aliketi akaandika maisha yake. Na maandishi hayo yalifika kwetu kwa mkono wa nani? Wa mjukuu wake wa kike, Daisy Sykes Buruku, aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sura aliyoandika juu ya babu yake ilichapishwa mwaka 1973 katika kitabu kuhusu maisha ya Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe. Mwaka 1998 Mohamed Said akachapisha kitabu kizima juu ya Abdulwahid. Yule ambaye hesabu inamwita sifuri ndiye aliyelishika jina lisianguke.

Na Mbuwane je? Hakuna aliyeliandika kwenye kibao cha mtaa. Lingekaa kimya kabisa kama wasingekuwapo hao walioshika kalamu wakaeleza kwamba Sykes wa kwanza alikuwa na jina jingine nyuma yake. Leo ninaweza kulitaja kwa sababu hiyo tu.

Basi ndugu yangu unayeandika hadithi usiku, hebu weka kando wahusika wako kwa nusu saa. Chukua daftari. Nenda kwa bibi, mwamkie vizuri, mwulize baba yake babu aliitwa nani, na baba yake huyo naye aliitwa nani, na walitoka wapi, na nani alibadilisha jina na kwa nini. Uliza na upande wa mama, usisahau. Andika yote, hata lile ambalo bibi atalitaja kwa sauti ndogo. Serikali haina safu ya majina hayo, na kitukuu wako hatayabeba kwenye cheti chake. Mahali pake ni hapo daftarini, na bibi hatakungoja milele.