Wasichana Wawili Walioondolewa

Ukisoma somo la Tabia za Watu Katika Mashirika, popote pale duniani, hutamaliza wiki ya pili bila kupelekwa Hawthorne. Mimi nililisoma kwa intaneti, kozi ya chuo kimoja cha ng'ambo, usiku, kwa bando za kuungaunga, na wiki ya pili nikapelekwa. Ulikuwa ukurasa mmoja tu, na hadithi yake tamu kiasi kwamba unaweza kuwasimulia washikaji kijiweni wakakusikiliza: wataalamu waliongeza taa kiwandani, kazi ikapanda. Wakapunguza taa, kazi ikapanda vilevile. Basi ikajulikana kwamba mfanyakazi hajali taa wala mshiko, anachotaka ni kuthaminiwa. Baada ya hapo unajibu maswali matano ya kuchagua, unasonga mbele.

Sasa ndugu msomaji, mimi ni mtu wa kuchokonoa. Hadithi ikiwa tamu namna hiyo nataka kujua nani kaipika.

Hawthorne kilikuwa kiwanda cha Western Electric, kampuni iliyotengeneza mitambo ya simu. Kilikuwa Cicero, pembeni mwa Chicago, mji uleule ambao jambazi Al Capone alihamishia shughuli zake mwaka 1924. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kiwanda hicho kilikuwa na wafanyakazi wapatao 40,000, wengi wao wahamiaji na watoto wa wahamiaji kutoka Poland, Bohemia, Italia na kwingineko. Ni mji ndani ya mji.

Majaribio ya taa yalifanyika humo kati ya mwaka 1924 na 1927, na kweli hayakutoa jibu lililotarajiwa. Kuna wakati wanawake wawili waliendelea na kazi yao katika mwanga uliofifia kama wa mbalamwezi. Lakini takwimu zenyewe zilikaa miaka mingi zikidhaniwa zimepotea, na zilipopatikana, wachumi wawili, Steven Levitt na John List, wakazipima upya na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Walikuta hadithi imenenepa kuliko namba. Taa zilikuwa zikibadilishwa Jumapili, kiwanda kimelala, halafu kazi ya Jumatatu inalinganishwa na ya Jumamosi. Na Jumatatu watu walikuwa wakifanya kazi zaidi hata taa zisipoguswa! Kwa hiyo tuachane na taa.

Mambo yenyewe yako katika chumba kidogo kilichofunguliwa Aprili 1927. Waliwekwa humo wasichana sita: watano wa kuunganisha rilei, mmoja wa kuwapangia vipuri. Rilei ni kidude cha mtambo wa simu, kina vipande kama 35 hivi, na aliyezoea anakiunga kwa muda wa dakika moja. Siku nzima ni hiyo hiyo, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, unatumbukiza kwenye tundu, unashika kingine. Kila rilei iliyotumbukia ilijiandika yenyewe kwenye ukanda wa karatasi. Pembeni alikaa mtu wa kuwaangalia na kuandika waliyosema. Kila baada ya wiki kadhaa walipelekwa kwa daktari wa kampuni kupimwa, na ili wasinune wakapewa aiskrimu.

Mapumziko yakabadilishwa kila mara. Dakika tano mara mbili, dakika kumi mara mbili, tano tano mara sita, ambayo waliilalamikia kuwa inawakata mwendo. Wakapewa chakula cha asubuhi. Wakaruhusiwa kutoka nusu saa mapema. Katika kipindi cha 12, mwaka 1928, vyote vikaondolewa, wakarudi saa 48 kwa wiki kama zamani. Hapa ndipo vitabu vinapopiga vigelegele, maana jumla ya rilei kwa wiki haikuporomoka. Wasichokisema kwa sauti ni kwamba saa za kazi zilikuwa zimeongezeka tena, na ukigawa kwa saa, kasi ilishuka.

Halafu kuna wale wawili. Miezi ya mwanzo baadhi ya wasichana walikuwa wakipiga soga na kucheka, wakikaripiwa hawakaripiki. Na walikuwa wameambiwa tangu mwanzo wafanye kazi kwa raha zao. Januari 1928 wawili kati ya watano wakaondolewa, kosa maneno mengi na ushirikiano mdogo. Mmoja wao ilikuja kugundulika kwamba alikuwa na upungufu wa damu. Hebu fikiria. Msichana kachoka, damu haitoshi, jina lake liko kwenye ripoti ya daktari wa kampuni hiyohiyo, lakini kwenye daftari la msimamizi yeye ni mkorofi.

Waliowekwa badala yao walikuwa wepesi wa mikono. Mmoja alikuja kufiwa na mama na dada, akawa ndiye tegemeo la nyumba yao. Ndiye aliyekuwa akiwahimiza wenzake kwenye meza, twendeni, twendeni, na uzalishaji ukapaa. Kwa jumla inasemwa ulipanda kama asilimia 30 tangu mwanzo. Sijui kwa nini mtu atafute saikolojia ya kina hapo wakati binti ana watu wa kulisha.

Na mshiko? Mshiko ulikuwepo. Katika idara yao ya kawaida walilipwa kwa kundi la watu kama mia, kwa hiyo ukijituma jasho lako linagawanywa kwa mia. Kwenye chumba kile malipo yakagawanywa kwa watano peke yao. Wataalamu wenyewe walishtukia jambo hili, wakachukua kundi jingine la wasichana watano, wakawabadilishia malipo tu, mapumziko hapana. Kazi ikapanda kama asilimia 12. Wakaondolewa malipo hayo, ikashuka. Jaribio lenyewe lilidumu wiki tisa tu, likakatizwa kwa sababu wenzao idarani walianza kulalamika kwamba na wao wanataka. Ukurasa wangu wa wiki ya pili haukuwa na nafasi ya habari hii. Nafasi ya kusema fedha si kitu ilikuwepo.

Aliyeifanya hadithi iwe hadithi ni Elton Mayo, Mwaustralia mzaliwa wa Adelaide, mwaka 1880, aliyefika Harvard 1926 na kukanyaga Hawthorne kwa mara ya kwanza 1928, chumba kikiwa na mwaka mzima. Simsemi vibaya bure. Kabla yake aliyetamba alikuwa Frederick Taylor, aliyeandika mwaka 1911 kuhusu kupima kila hatua ya mfanyakazi kwa saa ya mkononi kana kwamba ni punda wa kubeba chuma. Mayo angalau alisema huyu ni mtu, ana kwao, ana huzuni, ana marafiki. Kati ya 1928 na 1930 kampuni iliwahoji wafanyakazi zaidi ya 20,000, ikawaacha waseme yaliyo moyoni. Jambo jema. Ila jema hilo lilikuwa na mlango wa nyuma: mfanyakazi akilalamika, Mayo alielekea kuyaona malalamiko kama dalili ya jambo lililomsumbua kichwani au nyumbani. Unasema mshahara hautoshi, unaulizwa utoto wako ulikuwaje. Chama cha wafanyakazi katika mpango huo hakina kazi.

Wapo waliolisema hili mapema. Mwaka 1967 Alex Carey alichapisha makala kali iliyopitia takwimu hizo na kusema ushahidi unaelekea kinyume na mafundisho, fedha na nidhamu vilichangia sana. Hiyo ni zaidi ya miaka 50 iliyopita. Kozi yangu ilitengenezwa juzi.

Mimi chumba ninachokipenda ni kingine, kilichofunguliwa Novemba 1931 na kufungwa Mei 1932. Humo walikuwa wanaume 14, wa kufunga nyaya, wa kulehemu na wakaguzi wawili. Hawa hawakubadilishiwa kitu, waliangaliwa tu. Na kilichoonekana ni kitu ambacho kibarua yeyote wa bandarini au kiwandani hapa kwetu angekuambia bila kwenda Harvard: mgomo baridi. Walikuwa wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe kazi ya siku ni kiasi gani. Anayezidisha anatukanwa, anayetegea anatukanwa, na mchongezi anayepeleka maneno kwa bosi, huyo ndiye kabisa. Anayejitia kimbelembele anapigwa ngumi ya bega, moja, kwa utani ambao si utani. Ripoti za kazi wakizipanga zifanane siku zote.

Wataalamu wakaona hapo kuna hisia za kundi, hawajui faida yao. Hebu ngoja. Ilikuwa ni mdororo mkubwa, kiwanda kinapunguza watu kwa maelfu. Mtu akimaliza kazi mapema leo, kesho nani atakosa kazi? Na kiwango kikipandishwa, nani atashusha? Mimi naona walijua faida yao vizuri sana, walishindwa tu kuiandika kwa lugha ya chuo.

Mwisho wa sura kozi iliniagiza nitoe mfano kutoka nchi yangu. Nadhani walitarajia nieleze duka la simu la mjomba. Nikaenda maktaba, nikarudi na Mwongozo wa TANU.

Kwa wadogo zangu ambao hawajausikia: ulitolewa Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kupindua serikali Uganda. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeshataifisha mabenki na viwanda vikubwa, lakini kwa mfanyakazi ofisi ilibaki ileile, pengine bosi mpya mweusi kakalia kiti kilekile na ukali uleule. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kimoja, NUTA, kilichoundwa 1964, na Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Kugoma kisheria kulikuwa karibu hakuwezekani. Ndipo ikaja ibara ya 15 ya Mwongozo, iliyomkataza kiongozi kuwa na majivuno, anasa, dharau na uonevu.

Ibara moja! Wafanyakazi wakaishika. Kuanzia 1971 hadi 1973 viwanda vya Dar es Salaam vikawaka, na ukisoma walichokuwa wakilalamikia unakuta si mshahara peke yake. Ni lugha chafu. Ni kutukanwa mbele ya watu. Ni meneja asiyeitikia salamu. Mahali pengine walimfungia bosi nje ya lango. Chuo Kikuu nacho kikatikiswa: Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, alifukuzwa baada ya kuushutumu uongozi. Issa Shivji ameliandika vuguvugu hili katika kitabu chake cha 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania.

Tofauti na Hawthorne mmeiona? Kule mwenye daftari alikaa pembeni akiandika tabia za wasichana. Huku wafanyakazi ndio waliokuwa na daftari, wakiandika tabia za bosi. Ni somo lilelile la Tabia za Watu Katika Mashirika, isipokuwa limesomwa kutoka upande wa pili wa meza. Na wao pia walitaka kuthaminiwa, Mayo alikuwa na kaukweli kake hapo. Walichokataa ni kuthaminiwa kwa aiskrimu.

Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikwenda mbali zaidi. Walimtoa mwenye kiwanda, wakaendesha wenyewe, mashine zikazunguka, mali ikatoka. Serikali ikawakubalia. Wengine walipoona imewezekana wakataka kufanya hivyohivyo makazini kwao, na hapo dola ikakaza mkono.