Mgeni Mchovu wa Paris

Usiku wa tarehe 21 Mei, 1927, Charles Lindbergh alitua Le Bourget, kiwanja cha ndege cha Paris. Alikuwa ameruka peke yake kutoka New York kwa muda wa saa 33 na nusu, akishindana na usingizi juu ya Atlantiki. Umati mkubwa ulimlaki kwa vifijo. Lakini mji ulikuwa na majonzi: tarehe 8 Mei Wafaransa wawili, Nungesser na Coli, waliondoka kiwanja kile kile kwenda New York, wasionekane tena. Kesho yake, baada ya kulala, Lindbergh alikwenda kumtuliza moyo mama yake Nungesser. Wanahistoria husifu safari yake. Ziara ile nayo yastahili sifa.