Binti Mfalme Asiye na Jina

Katika visa vya Wagiriki wa kale, jina Creusa linajitokeza angalau mara nne, kila mara kwa mwanamke mwingine. Mmoja ni roho wa majini aliyezaa na mto Peneus; huyo nampita. Waliobaki ni binadamu: wa Korintho, wa Troy na wa Athens.

Jina lenyewe ndilo linaloniudhi. Creusa ni umbo la kike la Creon, na Creon maana yake ni mtawala tu. Yule wa Korintho baba yake ni huyo huyo Creon, kwa hiyo ni kama kusema Binti Mfalme binti Mfalme. Ni cheo, si jina.

Euripides, alipoonyesha tamthilia yake ya Medea mwaka 431 KK, hakumpa binti huyo jina lolote, wala neno la kusema. Tunasimuliwa tu alivyovaa zawadi za Medea, mke aliyeachwa kwa ajili yake: joho na taji la dhahabu. Alijitazama kwenye kioo akatabasamu, akageuka kuona joho linavyomkaa miguuni. Kisha sumu ikamuunguza, pamoja na baba aliyemkumbatia. Waliokuja baadaye walilazimika kumwita kitu. Wapo waliosema Glauce. Seneca, Mroma, akamwita Creusa.

Wa Troy ni mke wa Aeneas. Tenzi za zamani zaidi zilimwita Eurydice; Vergil akamwita Creusa. Usiku mji unapoteketea, Aeneas anambeba baba yake mabegani, anamshika mwanawe mkono, na mke anaambiwa afuate nyuma, kwa mbali. Aeneas anageuka wakiwa wameshafika nje ya mji. Mke hayupo. (Eurydice nalo lina wenyewe wengi: mke wa Orpheus naye alipotea akimfuata mumewe kwa nyuma.) Kivuli chake kinamtokea Aeneas kumliwaza, kikimwambia kwamba huko aendako kuna mke mwingine, wa ukoo wa kifalme.

Creusa wa Athens ndiye aliyepewa kinywa. Katika tamthilia nyingine ya Euripides, Ion, tunaambiwa kwamba alipokuwa msichana Apollo alimbaka katika pango chini ya Akropoli. Alijifungua kwa siri, akamwacha mtoto pangoni, akanyamaza miaka mingi. Sasa amekuja Delphi, kwenye hekalu la mungu huyo huyo, na mumewe asiyejua lolote, kuomba watoto. Hapo ndipo anapopasuka. Anayasema yote: maua ya manjano aliyokuwa akichuma, nywele za mungu zilivyong'aa, mikono yake ilivyokamatwa, alivyomlilia mama.

Apollo hatokei jukwaani hata mwisho, ingawa mtoto anapatikana akiwa hai, kijana mtumishi wa hekalu lile lile. Anamtuma Athena aje kumsemea, kwa kuogopa kulaumiwa mbele ya watu.