Vivutio vya Bujumbura ni Historia Yetu Pia

Mgeni akifika Bujumbura leo, dereva au mtu wa hoteli atamtajia orodha ileile: ufukwe wa Saga, jiwe la Livingstone na Stanley kule Mugere, viboko wa Rusizi, kaburi la Rwagasore, ngoma za Gishora, maporomoko ya Karera, chemchemi ya Nile kule Rutovu. Siku nne au tano amezimaliza zote, amepiga picha, amerudi kwao. Katika kundi la vijana ninalofanya nalo kazi kuna mmoja aliyezaliwa kambini. Ana miaka 17 na hajaona hata kimoja kati ya hivyo. Burundi anayoijua yeye ni mlima mmoja, foleni ya maji, na safari ya gari la shirika kwenda hospitali.

Ukimuuliza kwa nini haulizii habari za sehemu hizo, atakujibu, "Hiyo ni ya wenyeji na wazungu." Jibu hilo nalisikia kwa vijana wengi, hata wale wanaoishi mjini. Ndiyo maana nimeandika. Nataka tupite kwenye orodha ile ya watalii, sehemu moja baada ya nyingine, tuone ni nani hasa waliopita hapo. Mtaona kwamba watu waliofika kutoka mbali, wenye lugha yetu na mizigo kichwani, wako karibu kila mahali.

Tuanze na ziwa

Burundi haina bahari lakini pwani inayo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670, na kina chake kinafika karibu mita 1,470. Duniani kote ni ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolishinda kwa kina. Nchi nne zinaligawana: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia.

Sisi tuliotoka Uvira, Baraka na Fizi tulilijua ziwa hili tangu utoto, ila kwa upande wa pili. Kule, jua lilichomoza juu ya milima ya Burundi. Ukikaa Saga jioni, unaliona linazama nyuma ya milima ya nyumbani, halafu taa za Uvira zinaanza kuwaka. Jambo lingine wengi hawalijui: mito mingi inaingia ziwani, lakini mto unaotoa maji nje ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie. Unayapeleka mpaka mto Kongo, na mwisho bahari ya Atlantiki. Maji unayooga Bujumbura, njia yake ya kutoka inapita Kongo.

Juu ya maji hayo kuna meli ambayo watalii wanaipenda kwa uzee wake, Liemba. Wajerumani waliileta kwa vipande, wakaiunganisha Kigoma, ikaingia kazini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui. Baadaye Waingereza waliitoa majini, na mwaka 1927 ilianza tena safari kwa jina jipya. Vitabu vya watalii vinaishia hapo. Wakimbizi tuna la kuongeza: Mei 2015, Warundi kwa maelfu walipokusanyika kijiji cha Kagunga, mpakani kwa Tanzania, mahali pasipo na barabara, Liemba ndiyo iliyowabeba kwa mamia, safari baada ya safari, mpaka Kigoma.

Jiwe la Mugere

Kusini mwa Bujumbura, mwendo mfupi kwa gari, kuna jiwe kubwa lililoandikwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Kuna watu watakaokuambia kwamba hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Siyo kweli. Walikutana Ujiji, karibu na Kigoma, mwaka huohuo. Baada ya hapo walipanda mtumbwi kwenda kaskazini, na Mugere walilala wakiwa wageni wa chifu wa pale.

Walitafuta nini? Walitaka kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Kama ungekuwa unatoka, basi huenda ziwa hili lingekuwa chanzo cha Nile. Wakaenda mpaka kwenye mlango wa mto, wakaona maji yanaingia.

Sasa tazameni hapa. Miaka 13 nyuma, mwaka 1858, Burton na Speke walikuwa wamefika Uvira kwa swali hilohilo. Watoto wa mtawala wa Uvira waliwaambia wazi kwamba Rusizi inaingia ziwani. Wenyeji walijua, kwa sababu walivua samaki pale na kuvuka pale. Lakini jibu la mwenyeji wa Uvira halikutosha kule London, mpaka Wazungu wengine wafike kuona kwa macho. Na hao Wazungu hawakuja peke yao. Mizigo yao ilibebwa na watu wa Zanzibar, wa pwani na wa bara, waliozungumza Kiswahili njia nzima. Burton na Speke waliongozwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa mtumwa akiwa mtoto akapelekwa India, kisha akarudi Afrika akiwa huru. Kwenye jiwe la Mugere hakuna jina la mpagazi hata mmoja.

Rusizi na barabara ya Gatumba

Hifadhi ya Rusizi iko karibu sana na mji. Mto unatoka ziwa Kivu, pale Bukavu, unashuka ukiwa mpaka kati ya nchi mbili, kisha unajigawa kabla ya kuingia Tanganyika. Kuna viboko, mamba na ndege wengi. Mamba mmoja, aliyepewa jina la Gustave, alijulikana mpaka nchi za nje, na filamu ikatengenezwa juu yake.

Barabara ya kwenda huko ndiyo hiyohiyo ya Gatumba na Uvira. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, kambi ya muda ya wakimbizi Wakongomani pale Gatumba ilishambuliwa, na watu zaidi ya 150 waliuawa. Wengi walikuwa Banyamulenge, na wengi walikuwa wanawake na watoto. Mtalii anapita hapo kwa dakika chache akiwaza viboko. Familia zilizopoteza watu haziwezi kupita hivyo.

Mto huohuo, mwanzoni mwa 2025, ulivukwa na makumi ya maelfu ya watu wetu waliokimbia vita ya Kivu Kusini. Wengi walipokelewa kwanza kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, upande wa Cibitoke. Wengine mto uliwachukua. Kwa hiyo ukisikia mtu anaita Rusizi "mahali pazuri pa kutembea", usimkatalie, ni pazuri kweli. Ila mwambie na hili.

Buyenzi haimo kwenye orodha

Orodha za watalii mara nyingi zinairuka kartie ya Buyenzi. Mimi ningeianza nayo. Mji wa Usumbura ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo wafalme wa Burundi waliweza kuwazuia wafanyabiashara wa watumwa waliotoka Ujiji, na Rumaliza mwenyewe alishindwa kuiteka nchi. Mji ulipokuja, ulikuja na askari, wapagazi, mafundi na wachuuzi wa kutoka Ujiji, Tabora, Manyema na kwingineko. Wakati wa Wabelgiji watu hao waliwekewa mitaa yao, na Buyenzi ikawa ndiyo mtaa wa Waswahili. Mpaka leo avenyu zake zinaitwa kwa namba, misikiti ni mingi, gereji zimejaa, na mtu wa Uvira akisalimia kwa Kiswahili anajibiwa bila kuulizwa katoka wapi.

Nawaambia vijana: hawa pia walikuja. Wengine kwa biashara, wengine kwa kulazimishwa, wengine kwa kukimbia. Wajukuu wao leo ni Warundi, na Kiswahili chao ni cha mji huu.

Watu wa Buyenzi wamo pia kwenye kivutio kinachofuata. Mwanamfalme Louis Rwagasore, mwaka 1957, alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na wachuuzi Waswahili wa Usumbura walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo alipigwa risasi, hapa mjini, kando ya ziwa. Nchi ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962 bila yeye, na Usumbura ikaitwa Bujumbura. Kaburi lake liko juu mlimani, upande wa Kiriri, na ukiwa pale unaona mji wote, ziwa, na Kongo ng'ambo.

Upande wa milimani

Sehemu zilizobaki ziko mbali na ziwa, na hapa ndugu zangu wa kambini mko karibu kuliko sisi wa mjini. Gishora iko nje kidogo ya Gitega, mji ambao sasa ndio makao makuu ya nchi. Ni makao ya ngoma yanayokumbukwa kwa jina la mfalme Mwezi Gisabo. Kwa Kirundi neno ingoma lina maana mbili, ngoma na utawala. Ufalme uliondolewa mwaka 1966, lakini ngoma zilibaki, na mwaka 2014 UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika.

Kule Rutovu kuna kapiramidi kadogo juu ya kilima, kalikojengwa miaka ya 1930. Chini yake kunatoka maji machache yanayopita Ruvubu na Kagera mpaka ziwa Victoria, halafu Nile, halafu Misri. Mvua ikinyesha upande mwingine wa milima hiyo inashukia Tanganyika na kwenda Kongo. Na upande wa Rutana kuna maporomoko ya Karera, yanayoshuka kwa ngazi ngazi katikati ya msitu. Walioko Musenyi, hiyo Rutana ndiyo mnayoishi.

Tufanye nini

Kwanza niseme kwa wafanyakazi wa mashirika. Kutoka kambini kunahitaji karatasi, na karatasi hutolewa kwa ugonjwa, mtihani au msiba. Haki hizo ni za lazima, sisemi ziguswe. Lakini somo la historia nalo ni shule. Mnapopanga bajeti ya vijana, wekeni siku moja kwa mwaka, basi moja, mwalimu mmoja na karatasi za kundi zima zilizoombwa mapema. Hata kama ni kivutio kimoja tu kilicho karibu na kambi. Kijana akishajua mahali alipo, anakaa napo vizuri zaidi, na mwenyeji naye anamwona kwa jicho lingine.

Kwenu wazazi na wazee: mlivuka Rusizi, mlipanda Liemba, mlilala Buyenzi kwa ndugu mkitafuta njia. Watoto wanawauliza habari za vita, nanyi mnanyamaza, tunaelewa. Basi waelezeni hata njia tu: mlipita wapi, nani aliwapa maji, mto ulikuwa na upana gani.

Kundi letu litaanza na Buyenzi, kwa sababu tunaweza kwenda kwa miguu. Tutaandika tutakachosikia kwa wazee wa avenyu mbili au tatu na kukileta kwenye toleo lijalo. Mwenye picha ya zamani ya mtaa huo, au anayemjua mzee aliyemwona Rwagasore kwa macho yake, tunaomba atutafute kabla mvua hazijaanza.