Gia za mkono katika gari la otomatiki: Zitumiwe lini na vipi?

MADEREVA wengi wa magari ya otomatiki huusogeza mkono wa gia mara chache mno. Huutoa kwenye P, hurudi nyuma kwa R, kisha huuweka D na kuusahau hadi mwisho wa safari.

Kwa mkazi wa Kiandutu, mtaa wa mabanda ulio kando ya barabara ya Garissa mjini Thika, mazoea hayo hayana hasara kubwa anapokwenda sokoni au kumshusha abiria Makongeni. Mwendo ni mfupi, na kompyuta ya gari huteua gia ifaayo bila kusaidiwa.

Mambo hubadilika dereva huyo huyo anapowapakia jamaa zake 4 na mizigo yao, akapanda kupitia Mang'u na Gatukuyu hadi Magumu, mahali panapojulikana zaidi kama Flyover, kwenye barabara kuu ya Nairobi-Nakuru. Jioni anapoanza kurudi, barabara hupita karibu na msitu wa Kieni, na kutoka huko hadi Thika gari hushuka mamia ya mita.

Katika mteremko wa namna hiyo, kutegemea D na kanyagio la breki peke yake ni kuyaweka rehani maisha ya waliomo garini. Dawa yake imo mkononi mwa dereva na haigharimu hata senti moja: ni zile alama za M, S, B, L, 3 na 2 ambazo hajapata kuzigusa.

Kijitabu kisichosomeka

Magari mengi madogo yanayotumiwa nchini Kenya yaliletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Kanuni haziruhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka 8, lakini hazimlazimu muuzaji kumfunza mnunuzi namna ya kulitumia. Kijitabu cha maelezo, iwapo hakijapotea njiani, huwa kimeandikwa kwa Kijapani.

Hivyo mnunuzi hujifunza kwa muuzaji, fundi au rafiki, na somo huishia kwenye P, R, N na D.

Isitoshe, madereva wengi walifunzwa kwa gari lenye klachi. Walifundishwa kwamba mlima hupandwa kwa gia nzito, yaani zile za nambari ndogo, na hushukwa kwa gia hizo hizo. Walipopata gari la otomatiki walidhani elimu hiyo haina kazi tena.

Hata watengenezaji wenyewe waliona mapema kwamba dereva hafai kunyang'anywa uamuzi wote. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza mwaka 1939 giaboksi ya Hydra-Matic, otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi. Miaka 50 baadaye, mwaka 1989, kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilileta mfumo wa Tiptronic, uliomwezesha dereva kupandisha na kushusha gia kwa kuusukuma mkono wa gia, bila klachi. Mfumo wa aina hiyo sasa umo hata katika magari ya bei nafuu.

Kompyuta haioni mbele

Giaboksi ya otomatiki huongozwa na kompyuta inayopima mambo kadhaa: kasi ya gari, mizunguko ya injini, uzito wa kazi na kiasi ambacho dereva amelikanyaga kanyagio la mafuta. Kwa vipimo hivyo huteua gia.

Vipimo hivyo vyote ni vya jambo linalotokea sasa au lililokwisha kutokea. Kompyuta haioni kona iliyo mbele, haijui kwamba mteremko utaendelea kwa kilomita kadhaa, wala haitambui kwamba lori lililo mbele limeanza kupunguza mwendo. Anayeyaona hayo ni dereva.

Katika D, dereva anapoondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta akiwa mteremkoni, magari mengi hupanda gia ya juu ili kuokoa mafuta. Gari hulegea na kuongeza kasi, na kazi yote ya kulizuia huangukia breki. Gia za mkono zimewekwa ili dereva aieleze gari kile ambacho macho yake yameona.

Alama na maana zake

Alama hutofautiana kutoka gari moja hadi jingine, lakini maana zake hazikutani mbali.

M, yenye alama za kujumlisha na kutoa pembeni, ni gia za mkono kamili. Kila mkono unaposukumwa upande wa kujumlisha, gia hupanda moja. Upande wa kutoa, hushuka moja. Baadhi ya magari yana vibao vidogo nyuma ya usukani vya kufanya kazi hiyo hiyo.

Mwelekeo si mmoja kwa magari yote. Katika Toyota nyingi, kusukuma mbele hupandisha gia. Katika Mazda nyingi, kusukuma mbele huishusha. Ni busara kuzitazama alama kabla ya safari, si katikati ya kona.

S ina maana mbili. Katika magari mengine humaanisha mwendo wa nguvu, ambapo injini huachwa izunguke zaidi kabla ya gia kupanda. Katika Toyota nyingi zenye S ya kujumlisha na kutoa, nambari inayoonekana kwenye dashibodi ni kikomo. Ikiandikwa 4, gari halitapita gia ya nne, lakini laweza kushuka lenyewe hadi ya tatu au ya pili.

L, 2 na 3 hupatikana zaidi katika magari ya zamani, kama vile Toyota Corolla za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nazo pia ni vikomo. Magari hayo aghalabu yana kitufe cha O/D ubavuni mwa mkono wa gia; kikizimwa, gari halitumii gia ya juu kabisa.

B hupatikana katika magari ya mseto, yatumiayo petroli na umeme, na katika baadhi ya magari yenye giaboksi ya CVT. Kazi yake kuu ni kuifanya injini ilizuie gari mteremkoni.

CVT haina gia za meno kama giaboksi ya kawaida, bali ukanda unaozunguka kati ya magurudumu mawili yanayobadilika upana. Gia zake za mkono ni za kuigiza, lakini uwezo wa kulizuia gari ni wa kweli.

Namna ya kuzitumia

Dereva hahitaji kusimama ili kutoka D kuingia M. Mkono husogezwa gari likiwa mwendoni, wala hakuna haja ya kuondoa mguu kwenye mafuta. Kisichoruhusiwa kamwe ni kuingia R au P kabla gari halijasimama kabisa.

Gia hushushwa moja moja, na mguu wa kushoto hupumzika muda wote. Kila gia inaposhuka, mizunguko ya injini hupanda na mlio wake huongezeka. Mlio huo huwatisha wengi, ilhali ni dalili kwamba injini inafanya kazi iliyokusudiwa. Maadamu mshale haujafika sehemu nyekundu ya kipimo, hakuna kinachoharibika.

Kompyuta nayo huendelea kulinda. Dereva akitaka gia ya kwanza huku gari likienda kasi ya kilomita 90 kwa saa, magari mengi ya kisasa hukataa na kutoa mlio wa onyo. Na gari linapokaribia kusimama, gia hushuka zenyewe ili injini isizime.

Mteremko mrefu

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko zote. Gari la kilo 1,200 linaposhuka mita 500 kwenda chini, nishati inayopaswa kuondolewa ili lisiongeze kasi ni karibu megajuli 6. Joto hilo latosha kuchemsha zaidi ya lita 17 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Breki zikiachiwa kazi hiyo peke yake, joto hilo lote huishia kwenye vyuma na pedi zake.

Pedi zilizopata joto kupita kiasi hupoteza mshiko. Mafuta ya breki nayo huweza kuchemka. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hutakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini mafuta hayo hunyonya unyevu kadiri yanavyozeeka, na kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kusimama.

Kanuni ya zamani ya madereva wa malori inafaa hata kwa gari dogo: shuka mlima kwa gia ambayo ungeupandia. Gia iteuliwe kabla ya mteremko kuanza. Iwapo gari bado linaongeza kasi wakati mguu hauko kwenye mafuta, gia ishushwe moja zaidi. Breki itumiwe kwa kukanyaga imara kwa muda mfupi, kisha iachiliwe ipoe, badala ya kukanyagwa kidogo kidogo njia nzima.

Harufu ya kuungua, moshi kwenye magurudumu au kanyagio lililolegea ni onyo la mwisho. Dereva ashushe gia hatua kwa hatua, avute breki ya mkono taratibu, na atafute mahali salama pa kusimama hadi breki zipoe.

Dhana potovu ya nyutro

Wapo wanaoamini kwamba kuweka N mteremkoni huokoa mafuta. Kwenye mteremko wa kutoka Sachangwan hadi Salgaa, katika barabara ya Nakuru-Eldoret, maafisa wa usalama barabarani wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu madereva wa malori wanaoteremka kwa nyutro kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa gari dogo la kisasa, hesabu hiyo haina ukweli. Gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, kompyuta hukata mafuta karibu yote, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Likiwekwa N, injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizime. Dereva hupoteza breki ya injini, na akiba aliyoitarajia haipati.

Kuzima injini mteremkoni ni hatari zaidi. Msaada wa breki na wa usukani hutoweka, na pampu ya mafuta ya giaboksi husimama huku vyuma vikiendelea kuzunguka.

Tope na vichochoro

Wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, njia za udongo huteleza, na udongo mweusi unaonata wa maeneo ya Juja na Ruiru hujulikana kwa kuyanasa magari. Katika D gari huanza na gia ya kwanza yenye nguvu nyingi, magurudumu huzunguka mahali pamoja na kujichimbia shimo.

Baadhi ya magari huruhusu kuanza na gia ya pili katika M, na hivyo kupunguza nguvu hiyo. Mengine kutoka Japani yana kitufe kilichoandikwa SNOW, yaani theluji, kinachofanya kazi hiyo hiyo. Theluji haiji Thika, lakini tope ni jirani yake wa karibu.

Katika vichochoro vya Kiandutu, ambako watoto, wachuuzi na bodaboda hutumia njia moja na magari, gia ya kwanza au ya pili hulifanya gari lipunguze mwendo mara tu mguu unapoondolewa kwenye mafuta. Nafasi hiyo ndogo ya muda yaweza kuokoa mtoto. Mguu hata hivyo ukae karibu na breki, kwa maana gia si badala ya breki.

Kupita gari jingine

Dereva anapolipita lori la mawe au mchanga katika barabara ya Garissa, D hukawia kidogo kabla ya kushusha gia. Kushusha gia moja au mbili mapema, kabla ya kutoka nyuma ya lori, huifanya nguvu iwe tayari. Njia isipokuwa wazi, hata hivyo, gia yoyote haitaifungua.

Utunzaji

Matumizi ya kawaida ya gia za mkono hayaharibu giaboksi. Kinachoiua ni mafuta machafu, yaliyopungua au yasiyo ya aina yake. Mafuta ya giaboksi ya CVT si sawa na ya otomatiki ya kawaida, na kuyachanganya ni kujitafutia hasara. Mwenye gari amtake fundi amwonyeshe kopo lenyewe kabla halijafunguliwa, na alinganishe maandishi yake na aina iliyotajwa kwa gari lake.

Breki nazo zikaguliwe kabla ya safari ndefu, na mafuta yake yabadilishwe mara kwa mara. Watengenezaji wengi hupendekeza kila baada ya miaka 2 hivi.

Asiyewahi kuzitumia gia za mkono ajizoeze kwanza kwenye barabara tambarare isiyo na msongamano, kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa. Apandishe na kushusha, asikilize mlio wa injini, aone gari linavyojizuia. Dakika 20 zatosha, na heri zitumike huko kuliko mteremkoni, breki zikiwa zimekwisha kutoa harufu.